Mawasiliano ya viini vya prosesa katika bodi za Linux

Mawasiliano ya viini vya prosesa ni utaratibu unaowezesha viini vya aina tofauti vilivyo ndani ya chipu moja kupeana data na amri. Kwa kawaida kiini kikubwa huendesha Linux, na kidogo huendesha programu fupi ya kazi moja. STM32MP157, iliyotolewa na STMicroelectronics mwaka 2019, ina viini 2 vya Cortex-A7 vya Linux na kimoja cha Cortex-M4. BeagleBone Black ya mwaka 2013 ina Cortex-A8 moja na viini vidogo 2 viitwavyo PRU, vya megahezi 200 kila kimoja, yaani amri moja kwa nanosekunde 5.

Faida ya mgawanyo huu huonekana penye kazi isiyosubiri. Iyula, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, ni eneo la kahawa ya arabika. Tuseme fundi wa huko anataka kufunga bodi yenye STM32MP157 kwenye kituo cha kumenya na kuosha kahawa, ipime maji yanayoingia kwenye tangi, ifunge vali kwa wakati, kisha itume taarifa kwa chama cha msingi cha ushirika kwa mtandao wa simu. Linux ni hodari wa mtandao na kumbukumbu za hesabu, lakini ikielemewa inaweza kuchelewa na kukosa mapigo ya mita ya maji. Mapigo na vali ni vya Cortex-M4. Usanifu mzuri humwacha huyu mdogo aendelee kulinda tangi hata Linux ikiganda, na bodi isiyoweza hivyo haifai kufungwa mahali ambapo fundi hafiki upesi.

Njia iliyozoeleka ni remoteproc na rpmsg, zilizoingia katika kerneli ya Linux toleo 3.4 mwaka 2012 baada ya kuanzia kwa wahandisi wa chipu za OMAP za Texas Instruments. Remoteproc huwasha na kuzima kiini kidogo. Rpmsg hubeba ujumbe. Ujumbe wenyewe hauendi popote: huandikwa katika kumbukumbu ya pamoja, ukaorodheshwa kwenye foleni ya mzunguko, kisha upande wa pili hugutushwa kwa kikatizo. Bafa ya kawaida ni baiti 512, na kwa kuwa 16 ni za kichwa cha ujumbe, hubaki 496. Picha au sauti hazipiti hapo. Hupelekwa anwani tu ya mahali zilipohifadhiwa.

Ugumu mkubwa uko katika kukubaliana mapema juu ya kumbukumbu. Kwenye STM32MP157, mpangilio wa kawaida wa mti wa vifaa (device tree) hutenga foleni mbili katika anwani 0x10040000 na 0x10041000, na bafa kuanzia 0x10042000 zikichukua kilobaiti 16, sawa na bafa 32. Programu ya kiini kidogo isipakiwe juu ya eneo hilo, na jedwali la rasilimali (resource table) lililomo ndani yake lisipingane na mti wa vifaa. Vitu hivi vikigongana, hitilafu huwa ya kutatanisha, maana kiini huweza kuwaka vizuri kisha data ikaharibika baadaye.

Baada ya hapo kuwasha ni kazi nyepesi. Faili la programu huwekwa katika /lib/firmware, jina lake likaandikwa katika /sys/class/remoteproc/remoteproc0/firmware, na neno start katika faili la state lililo kando yake. Kiini kidogo hutangaza njia yake kupitia anwani 53 ya rpmsg, na Linux, ikiwa na draiva inayofaa, hufungua kifaa kama /dev/ttyRPMSG0. Wengi hukwama hapa kwa kusubiri kiini kidogo kianze kusema. Mara nyingi hakiijui anwani ya Linux mpaka kipokee ujumbe wa kwanza kutoka kwake, hivyo Linux ndiyo ianze, hata kwa herufi moja.

Kwa viini vyenye kache kuna tahadhari zaidi: eneo la pamoja lisihifadhiwe kwenye kache, la sivyo kache isafishwe kabla ya kutoa taarifa. Ukiukwaji wa kanuni hii hutoa makosa ya bahati nasibu, mabaya kuliko yote kuyatafuta.

Mafundi wanaoanza wasikimbilie vali wala mita. Waanze na programu inayorudisha ujumbe uleule, huku wakisoma faili la trace0 chini ya /sys/kernel/debug/remoteproc, ambako programu iliyoandaliwa kwa hilo huandika hatua zake.