Theluji ya Buenos Aires

Hadithi za picha aghalabu huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, na zile zinazosimulia viumbe wa sayari nyingine hudharauliwa zaidi. Walakini nchini Argentina ipo hadithi ya namna hiyo iliyotoka katika jarida la wiki ikahamia kwenye kuta za mji. Mtunzi wake naye alitoweka mikononi mwa dola. Jina lake ni El Eternauta, yaani msafiri wa milele.

Hadithi hiyo ilianza kutolewa tarehe 4 Septemba 1957 katika Hora Cero Semanal, ikaendelea hadi 1959. Maneno yalitungwa na Héctor Germán Oesterheld, aliyesomea jiolojia kabla ya kujitia katika utunzi, na michoro ilikuwa ya Francisco Solano López. Jarida lilitolewa na kampuni aliyoianzisha Oesterheld pamoja na nduguye, hivyo alikuwa na uhuru wa kutunga apendavyo.

Hadi wakati huo, shujaa wa hadithi kama hizi alikuwa zaidi wa mfano wa Flash Gordon, aliyezaliwa katika magazeti ya Marekani mwaka 1934: mtu mmoja hodari anayeokoa walimwengu wote. Oesterheld aliigeuza kawaida hiyo. Usiku mmoja wa baridi, Juan Salvo na rafiki zake watatu wanacheza karata nyumbani kwake, pembezoni mwa Buenos Aires. Mara nje inaanza kudondoka theluji inayong'aa, na kila inayemgusa hufa papo hapo. Mji wenyewe haukuwa umeona theluji ya kweli tangu 1918, kwa hiyo ajabu ilianza hata kabla ya mauti.

Wanne hao si wanajeshi wala si majabari. Wanaziba madirisha na kushona vazi la kujikinga. Salvo anavaa barakoa ya mzamiaji na kutoka nje kutafuta mahitaji. Baadaye wanajiunga na manusura wengine, na vita vinapiganwa katika mitaa ambayo msomaji aliipita kila siku, na katika uwanja wa kandanda wa River Plate. Hakuna anayeshinda peke yake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mwenyewe Oesterheld alisisitiza kwamba shujaa wa kweli ni kundi la watu, wala si mtu mmoja.

Adui naye amepangwa kwa ngazi. Mbele wako wadudu wakubwa wenye magamba, na nyuma yao viumbe wenye vidole vingi wanaowaongoza. Lakini hao waongozaji ni watumwa vilevile, kwani wametiwa mwilini tezi inayowaua mara wanapoingiwa na hofu ya kuasi. Wenye amri huitwa "Wao" tu, na msomaji haonyeshwi sura zao hata mara moja. Ni dhuluma isiyo na uso, inayotawala kwa kumtia mtu woga ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1969 Oesterheld aliiandika upya kwa ajili ya jarida la Gente, michoro ikiwa ya Alberto Breccia. Safari hii mataifa makubwa yaliiuza Amerika ya Kusini kwa wavamizi ili yajinusuru. Uchungu huo, pamoja na michoro yenye giza la ajabu, haukupokewa vyema, na hadithi ikafupishwa.

Tarehe 24 Machi 1976 jeshi lilitwaa madaraka. Oesterheld, aliyekwisha jiunga na Montoneros, kundi lililopigana na serikali kwa silaha, aliandika sehemu ya pili ya hadithi yake mafichoni. Alikamatwa mwaka 1977 na hakurudi. Binti zake wanne pia walichukuliwa kati ya 1976 na 1977, wawili wakiwa wajawazito. Mama yao, Elsa Sánchez, alirudishiwa mwili wa mmoja tu. Alifariki mwaka 2015, baada ya miaka mingi katika safu za mabibi wa Plaza de Mayo wanaowatafuta wajukuu walioporwa.

Mtunzi hana kaburi, lakini mchoro wa Salvo akitembea thelujini na barakoa yake haukufa. Wasomaji waliuchora upya kwenye kuta, mabango na fulana. Mwaka 2010 wafuasi wa Néstor Kirchner walimvika kiongozi wao vazi hilo, na picha hiyo ikazua mabishano. Yafaa kukumbuka kwamba aliyevikwa humo mwanzo alikuwa mtu asiye na cheo, aliyewahitaji jirani zake ili aishi. Barakoa imdhihirishapo mtu mkubwa mmoja, maana yake ya awali hupungua. Hata hivyo, anayechora kwa mapenzi haombi idhini, na pengine ndiyo sababu mchoro umedumu.

Mwaka 2025 hadithi hii ilifanywa tamthilia ya televisheni, naye Ricardo Darín akawa Salvo. Argentina huadhimisha 4 Septemba kuwa siku ya hadithi za picha, kwa kumbukumbu ya toleo lile la 1957.

Mwishoni mwa hadithi ya kwanza, Salvo anarudishwa nyuma hadi miaka kabla ya theluji. Anakimbilia nyumbani kwa mkewe na bintiye, na papo hapo anasahau yote. Anayebaki na kumbukumbu ni mwandishi wa hadithi za picha aliyemsikiliza usiku kucha. Naye anajiuliza kama kuyachapisha aliyoyasikia kutatosha kuizuia balaa. Huko Argentina hakukutosha. Kulitosha tu kuhifadhi kumbukumbu, na hadi leo zipo familia ambazo kumbukumbu ndiyo mali yote iliyobaki.