Kovu la ukoo

Mtu mmoja hutobolewa sikio, kidonda kikapona, na habari ikaishia hapo. Mwenziwe naye hupona vilevile, ila baada ya miezi kadhaa kovu huanza kufura na kuwasha, mpaka likavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Hilo ndilo madaktari waliitalo keloidi.

Mwaka 1806 daktari wa ngozi wa Kifaransa, Jean-Louis Alibert wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, aliyaeleza makovu hayo na kuyapa jina la kufanana na saratani. Baadaye alilibadili, watu wasije wakadhani ni saratani kweli, akachukua neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa. Aliyewahi kubanwa na kaa atakubali kwamba jina lilipata mwenyewe.

Sababu ndiyo iliyosumbua. Kwa vile keloidi huwapata zaidi watu weusi, wengi waliishutumu rangi ya ngozi, na ikadaiwa hata kwamba albino hawazipati. Dai hilo lilidumu mno. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Mashariki walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: keloidi zilikuwapo kwa wenye ualbino na kwa wasio nao, na viwango vilikaribiana.

Wengine walizitazama familia. Mwaka 1956, huko New York, daktari Bloom aliandika juu ya ukoo mmoja wenye makovu haya katika vizazi vitano. Mwaka 1975 daktari Omo-Dare wa Nigeria alifikiri kwamba lazima mtoto arithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Mwaka 2001 familia 14 zilichunguzwa, zenye watu 341, na 96 kati yao walikuwa na keloidi. Picha ikageuka: mzazi mmoja anatosha. Tena walikuwamo waliobeba urithi huo bila kovu hata moja, wakawapitishia watoto wao. Ndiyo maana watu husema, "Kwetu haupo," kumbe umeruka kizazi tu.

Basi ikaanza kutafutwa jeni yenyewe. Mwaka 2004 familia moja ya Kijapani ilielekeza kwenye kromosomu ya 2, na familia ya Wamarekani weusi kwenye ya 7. Mwaka 2010 Wajapani walipima mamia ya wagonjwa, wakaonyesha sehemu za kromosomu ya 1, ya 3 na ya 15. Mwaka 2017 ukoo mkubwa wa Wayoruba ukaonyesha jeni nyingine kabisa, iitwayo ASAH1. Kwa maoni yangu, ilikuwa ni kumsaka mwizi mmoja mahali palipoibiwa na genge zima.

Dada yangu alitobolewa masikio akiwa msichana, yakaota makovu ya ukubwa wa kunazi. Katika zahanati fulani yalikatwa bila swali lolote. Mwaka haukuisha yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza. Hapo ndipo shangazi yetu alipofungua mgongo wake na kutuonyesha la kwake, akasema, "Na baba yenu alikuwa nalo kifuani. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Binti wa dada yangu sasa ni mwanamwali. Huvaa hereni za kubana.