Jengo la kijani: tumsikilize mwenye cheti au mita ya stima?

Leo naweka kando mambo ya programu. Au tuseme siyaweki mbali sana. Mmeyaona matangazo ya "majengo ya kijani" hapa Nairobi, cheti kimeangikwa pale mapokezi. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na swali linalonijia kwanza ni hili: cheti hicho kilipima nini, na kilipima lini?

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa ujenzi, BRE, ilitoa BREEAM, mfumo wa kwanza wa aina hii duniani. Ulianza na ofisi mpya. Mkaguzi anapitia orodha ya mambo: nishati, maji, vifaa vya ujenzi, afya ya watakaokaa ndani. Kila jambo lina alama zake, kama mtihani wa shule.

Wamarekani nao hawakukaa kitako. Baraza lao la majengo ya kijani, USGBC, liliundwa 1993. Mwaka 1998 wakafanya majaribio ya LEED, na mwaka 2000 likaja toleo la 2.0 lenye alama 69. Ukipata 26 umepasi. Ukifika 52 unaitwa Platinum.

Sasa tazama hapa. Katika orodha hiyo, mahali pa kuegesha baiskeli pamoja na bafu za waendeshaji palikuwa na alama moja. Unadhani mwenye jengo aliyepungukiwa na alama moja atafanya nini? Atatafuta ile ya bei rahisi! Si lazima awe mtu mbaya. Mpe binadamu yeyote orodha, atakimbilia panapopitika.

Kuna jambo zito zaidi. Alama za nishati zilitokana na makadirio ya tarakilishi, yaliyofanywa kabla mtu yeyote hajahamia. Kwetu sisi hiyo ni sawa na kusifu programu kabla mteja hajaigusa. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada, Newsham na wenzake, walichambua takwimu za majengo 100 yenye cheti cha LEED. Kwa wastani yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 18 hadi 39 kwa kila mita ya sakafu. Habari njema. Lakini asilimia 28 hadi 35 ya majengo hayo yalitumia nishati nyingi kuliko majengo ya kawaida yanayofanana nayo! Tena daraja la cheti halikuhusiana sana na matumizi halisi.

Waaustralia walipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo la New South Wales lilianzisha mfumo ambao leo tunauita NABERS. Wao hawaulizi mchoro unasema nini. Wanataka bili za miezi 12, kisha wanatoa nyota. Kuanzia 2010 sheria ikadai mwenye ofisi kubwa atangaze nyota zake anapouza au kukodisha. Hapo hata mpangaji ana la kusema.

Na sisi je? Hapa kwetu EDGE ya IFC imeshika kasi. Ni programu ya bure kwenye intaneti: unaingiza vipimo, nayo inakuambia kama utaokoa angalau asilimia 20 upande wa nishati, wa maji, na wa vifaa vya ujenzi. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilichangisha Sh4.3 bilioni kwa hati fungani ya kijani kujenga hosteli za wanafunzi, na cheti cha EDGE kilikuwa sehemu ya ahadi. Yaani cheti si pambo tena. Kimebeba pesa za watu.

Naipenda EDGE kwa sababu ni nafuu na haihitaji jeshi la washauri. Ila cheti chake cha kawaida bado ni makadirio. Ngazi yake ya juu kabisa, Zero Carbon, ndiyo inayodai takwimu za angalau mwaka mmoja wa matumizi.

Basi rai yangu ni fupi. Kila jengo linalojiita la kijani libandike kando ya cheti namba za mita za mwaka uliopita, za stima na za maji. Mwanafunzi anayelipa kodi ajisomee mwenyewe. Wewe waonaje, mwenye jengo lako angekubali?