Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii

Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii ni dhana kwamba kampuni, mbali na kutafuta faida, inawajibika kwa watu na mazingira yanayoguswa na shughuli zake. Watu hao huitwa wadau: wenye hisa, wafanyakazi, wateja, wauzaji wa malighafi, majirani wa kiwanda, halmashauri na serikali. Makala hii inahusu zaidi Tanzania, hasa wilaya za Kinondoni na Temeke za Dar es Salaam, ambako viwanda na makazi vimebanana.

Chimbuko

Mmarekani Howard Bowen alitoa kitabu juu ya wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii mwaka 1953. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman alipinga dhana hiyo: kwake, wajibu wa kampuni ni kuongeza faida ndani ya sheria, na meneja anayegawa fedha za wenye hisa anatoa kisicho chake. Edward Freeman alijibu hoja ya aina hiyo mwaka 1984 kwa kuonyesha kwamba maslahi ya wadau yamefungamana. Kiwanda kisicholipa wafanyakazi vizuri au kinachogombana na majirani hakiwezi kuwaletea wenye hisa gawio kwa muda mrefu.

Nchini Tanzania suala hili liliingia kwa mlango mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vilitaifishwa au serikali ikachukua hisa. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 ulianzisha halmashauri za wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi kuwa na kibri na dharau. Wafanyakazi waliusoma na kuutumia. Migomo ikafuata, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Neno uwajibikaji halikuvuma wakati huo, lakini swali lilikuwa lilelile: kiwanda ni cha nani?

Misaada na wajibu

Tangu ubinafsishaji wa miaka ya 1990, watu wengi huelewa uwajibikaji kuwa ni misaada. Mfano unaojulikana ni kampeni ya madawati ya mwaka 2016, elimu bila ada ilipojaza wanafunzi madarasani. Benki na kampuni nyingi zilichangia. Madawati yalihitajika kweli, na watoto waliokuwa wakikaa sakafuni hawakujali nani alipiga picha na hundi ya mfano. Hata hivyo msaada ni sehemu ndogo ya uwajibikaji. Sehemu kubwa ni jinsi kampuni inavyopata faida yenyewe: mishahara, usalama wa vibarua, vumbi, maji machafu na ardhi.

Kiwanda cha saruji cha Wazo

Kiwanda cha Twiga kilichopo Wazo, Tegeta, wilayani Kinondoni, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mwenye hisa mkubwa ni kampuni ya Ujerumani ya Heidelberg Materials, na hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2006. Ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi wa Wazo nao ulikuwa miongoni mwa wenye hisa, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuwa mfanyakazi, mmiliki na jirani kwa wakati mmoja.

Kiwanda kilijengwa hapo kwa sababu ya mawe ya chokaa. Mji ulipopanuka, watu walijenga nyumba katika ardhi ya kiwanda, maeneo ya Chasimba, Chatembo na Chachui. Ukazuka mgogoro wa miaka mingi. Mahakama ilikipa kiwanda haki, lakini kubomoa makazi ya maelfu ya watu ni jambo jingine, na serikali ikaingia kati kutafuta mapatano. Hapa pande zote zilikuwa na hoja: bila chokaa hakuna saruji wala ajira, na mkazi aliyejenga kwa akiba ya maisha hana pa kwenda. Hakuna idadi ya madawati ambayo ingemaliza ugomvi huo.

Maji ya Temeke

Mto Kizinga hupita Mbagala, na mtambo wa Mtoni husafisha maji yake kwa matumizi ya wakazi. Maji taka ya viwandani na ya majumbani yakiingia mtoni, gharama ya kusafisha hupanda. Anayelipa ni mteja wa maji, ambaye huenda hajawahi kununua bidhaa ya kiwanda kilichochafua.

Sheria

Mengi yanayoitwa hiari yamo katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi. Kampuni hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalikwenda mbali zaidi: mwenye leseni ya madini lazima aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sharti hilo linahusu wachimbaji. Kiwanda cha nguo au cha vinywaji huko Temeke hakibanwi na sheria hiyo.