Redio Ikifiwa

Kwetu sisi redio ndiyo inayobeba msiba. Kabla watu hawajawa na simu za WhatsApp, mtu akifariki Bujumbura, ndugu zake wa Rumonge na Makamba walijua kwa tangazo la vifo. Jina la marehemu, jina la baba yake, watoto aliowaacha, siku ya mazishi. Na huku Kigoma tumezoea ule mwisho wake: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Ukisikia maneno hayo nyumba nzima inanyamaza, hata kama marehemu humjui.

Katika makala hii nataka kueleza msiba wa aina nyingine, yaani pale redio yenyewe inapofiwa. Marehemu ni mwanamuziki, anaitwa Milan Mladenović. Alifariki Belgrade, Serbia, tarehe 5 Novemba 1994, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 36. Najua wengine mtauliza, huyo anatuhusu nini sisi? Subirini kidogo.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini. Kila wiki tunakaa pamoja, tunasikiliza redio, tunajadili tulichosikia. Kijana mmoja aliuliza, "Redio huru ni redio gani?" Mwenzake akajibu haraka: ni ile isiyo ya serikali. Wote wakakubali, wakataka twende kwenye mada nyingine. Mimi jibu hilo halikunitosha, maana nimetoka sehemu ya dunia ambako redio isiyo ya serikali imewahi kuua. Mfanyakazi mmoja wa shirika, ambaye nchi yake ilivunjika akiwa mtoto, ndiye aliyenitajia Milan na redio iliyoitwa B92. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zao kidogo kidogo, na naona historia yao inajibu lile swali vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

Kijana wa miji mitatu

Zamani kulikuwa na nchi inaitwa Yugoslavia, yenye jamhuri 6 ndani yake. Milan alizaliwa Zagreb, ambayo leo ni mji mkuu wa Croatia, tarehe 21 Septemba 1958. Baba yake alikuwa Mserbia, ofisa wa jeshi. Mama yake alikuwa Mkroeshia wa pwani. Akiwa mdogo familia ilihamia Sarajevo, Bosnia, halafu akiwa na miaka 12 wakahamia Belgrade. Sasa mtu kama huyo ukimuuliza "kwenu ni wapi?" atajibu nini? Hapa kambini tunalijua hilo swali. Wakati wa amani ni swali la kawaida tu la kufahamiana. Wakati wa vita linaweza kukutoa roho.

Milan alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Mwaka 1982 alianzisha na wenzake bendi iliyokuja kujulikana kama Ekatarina Velika, au EKV kwa kifupi. Margita Stefanović alipiga kinanda. Walipendwa katika jamhuri zote, si Serbia peke yake. Albamu yao ya 1991 inaitwa Dum Dum, ambalo ni jina la aina ya risasi. Mwaka huohuo nchi yao ikaingia vitani.

Redio ya siku 15

B92 ilianza kurusha matangazo tarehe 15 Mei 1989. Iliruhusiwa kwa muda mfupi tu, siku 15, kwa ajili ya sherehe za vijana. Studio yake ilikuwa ndani ya Dom omladine, maana yake Nyumba ya Vijana, katikati ya Belgrade. Yaani kituo cha vijana kama hivi vyetu, ila chenyewe ni jengo kubwa. Siku 15 zikaisha, vijana hawakuondoka.

Tarehe 9 Machi 1991 watu wengi waliandamana Belgrade kumpinga Slobodan Milošević, na hasa namna televisheni ya taifa ilivyokuwa ikipotosha habari. Vifaru vikaingia mitaani. B92 ikazimwa. Iliporudi hewani ilipewa sharti: hakuna habari, pigeni muziki tu. Basi wakapiga muziki. Wakachagua nyimbo ambazo ujumbe wake ulikuwa wazi kuliko taarifa yoyote ya habari, mmojawapo ukiwa Fight the Power wa kundi la Public Enemy la Marekani. Aliyetoa amri alidhani muziki ni kitu cha kujazia muda. Kumbe wasikilizaji walielewa kila kitu.

Kisa hicho kinanionyesha kwa nini redio inahitaji wanamuziki. Mtangazaji anaweza kuzibwa mdomo kwa barua moja tu yenye mhuri. Wimbo hauzibwi hivyo, kwa sababu msikilizaji tayari anao kichwani.

Lori la mwaka 1992

Vijana wa Serbia walikuwa wakiitwa jeshini kwenda kupigana Croatia. Maelfu walijificha. Walilala kwa marafiki, hawakufungua mlango, wengine wakakimbilia nchi za nje. Wakati huo msanii mwenye jina alikuwa na njia rahisi: kunyamaza, au kuimbia upande wenye nguvu. Waliokubali walipewa televisheni na majukwaa.

Milan hakufuata njia hiyo. Mwaka 1992 wanamuziki wa bendi tatu, yaani EKV, Električni Orgazam na Partibrejkers, waliungana wakajiita Rimtutituki. Walirekodi wimbo mmoja wa kupinga vita, na waliotoa santuri yake ni B92. Kisha wakapanda juu ya lori na vyombo vyao, wakazunguka mitaa ya Belgrade wakiupiga. Hebu fikirini: mji uliozoea kuona malori ya askari unaona lori la magitaa.

Mtu anaposema mwanamuziki fulani "aliisaidia redio," sisi tunafikiria pesa. Ndiyo mazoea yetu kambini: msaada ni kitu kinachopimwa kwa kilo au kwa idadi ya vichwa. Lakini Serbia ya miaka ile pesa haikuwa pesa. Mwaka 1993 benki ilichapisha noti ya dinari bilioni 500, kwa sababu bei zilipanda kila siku. Milan hakuwa na utajiri wa kuigawia B92. Alichoipa ni jina lake. Alikubali watu waseme, "Milan yuko na wale." Katika mji ambao televisheni iliwaita wapinga vita wasaliti, jina lilikuwa mali ya thamani, na ukishaliweka hadharani hulirudishi nyuma.

Gari jingine lenye vipaza sauti

Hapa lazima nitaje jambo linaloumiza, maana bila hilo makala hii ingekuwa hadithi nzuri tu ya Wazungu.

Kigali mwaka 1993 ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa ya serikali. Ilikuwa kampuni, watu walinunua hisa. Hata katika jina lake la Kifaransa kulikuwa na neno "Libre", maana yake huru. Na ilipendwa kwa sababu ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walichekesha. Mwaka 1994 redio hiyohiyo ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Nyimbo zilizopigwa pale zilikuwa pamoja na za Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa hapa Tanzania mjini Arusha, ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Hakutiwa hatiani kwa sababu ya nyimbo zenyewe. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyosema kupitia kipaza sauti cha gari, barabarani huko Gisenyi, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu kuua Watutsi.

Kwa hiyo yako magari mawili. Juu ya moja, Belgrade 1992, wanamuziki wanawaambia vijana wasiende kuua. Katika jingine, Gisenyi 1994, mwanamuziki anawaambia watu waue. Wote walikuwa na vipaji. Wote walikuwa na vipaza sauti. Wote walikuwa na redio isiyo ya serikali nyuma yao. Basi, wadogo zangu, lile jibu la haraka halitoshi. Kutokuwa ya serikali ni mwanzo tu. Cha kuuliza ni hiki: redio hiyo inamwambia nini msikilizaji kuhusu jirani yake?

Waliomlilia

Novemba 1994 Milan alipofariki, vita vilikuwa bado vinaendelea. Alizikwa Belgrade. Lakini tazameni ile miji yake mitatu. Zagreb alikozaliwa ilikuwa nchi nyingine tayari. Tangu vita vianze simu kati ya Serbia na Croatia zilikatwa, watu wakawa wanatafuta njia za kupitia nchi ya tatu ili tu kusema "tuko wazima." Sarajevo alikokulia ilikuwa imezingirwa tangu Aprili 1992, inapigwa mizinga. Umeme ulikuwa haupatikani, watu wakawasha redio kwa betri za magari. Aliyecheza naye utotoni pale hakuweza kupanda basi kwenda mazishini.

Na redio yake? Mtambo wa B92 ulikuwa dhaifu. Ulisikika Belgrade na pembezoni mwake tu. Maana yake hata redio iliyokuwa yake haikuweza kuwafikishia msiba watu wake wote popote walipo.

Sisi tunajua kufiwa kwa namna hiyo. Mtu amefariki kule nyumbani, au amefia kambi nyingine, nawe upo hapa, huwezi kwenda. Kibali hakijatoka, au njia si salama, au huna nauli. Unakaa na majirani, mnachanga unga na sukari, mnaomba dua, mnamzika kwa maneno. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, mkiona msiba kwenye kijiji fulani cha kambi na hakuna jeneza, msishangae. Maiti iko mbali, ila msiba ni wa kweli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wasikilizaji wa Milan. Waliokuwa pande zinazopigana walimlilia mtu mmoja, kila mmoja kwao, bila kuonana. Nimefikiri sana juu ya hilo. Serikali zao zilikuwa zimewaambia hawana kitu cha pamoja tena. Kumbe walikuwa na marehemu mmoja. Hadi leo nyimbo za EKV zinaimbwa Belgrade, Zagreb na Sarajevo, na vijana waliozaliwa baada ya vita.

Redio nazo zinakufa

B92 iliendelea bila Milan. Desemba 1996, wakati wa maandamano ya kupinga wizi wa kura, serikali iliizima. Watangazaji wakapitisha matangazo kwenye intaneti kwa msaada wa kampuni ya Uholanzi, na baada ya siku 2 ikarudi hewani. Aprili 1999 serikali iliiteka studio, wafanyakazi wakatoka, wakaja kurusha tena kwa jina la B2-92. Oktoba 2000 Milošević alipoanguka, walirudishiwa redio yao.

Mwisho wake haukuletwa na polisi. Mwaka 2015, baada ya redio kuingia mikononi mwa wafanyabiashara, jina B92 liliondolewa kwenye masafa, ikabaki stesheni ya muziki yenye jina jingine.

Mwaka huohuo wa 2015, tarehe 13 na 14 Mei, sisi wa Buyenzi tulisikia redio zetu zikinyamaza moja baada ya nyingine. RPA ilichomwa. Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa. Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilishambuliwa na watu wa upande mwingine. Baadaye waandishi waliokimbia walirekodi habari na kuzituma kwa WhatsApp, kama wale wa Belgrade na intaneti yao. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nakumbuka watu wazima wakizungusha kitufe cha redio wakitafuta sauti wanazozijua, wanapata mvumo tu.

Mbele ya ile Nyumba ya Vijana, Belgrade, pana uwanja mdogo ambao leo unaitwa kwa jina la Milan Mladenović. Redio iliyokuwa ndani haipo, jina la aliyesimama nayo lipo. Naona ni haki, lakini pia naona hasara, kwa sababu jina kwenye uwanja haliwezi kumsomea mtu tangazo la msiba.

Sisi hatuna mnara wala masafa. Tuna spika moja ya kuchaji kwa sola na vijana wenye sauti. Hata hivyo kambini wamefia wanamuziki wetu pia: wapiga ngoma, waimbaji wa kwaya na kaswida, wapiga gitaa waliopigia harusi za watu wa makabila yote bila kuuliza. Ukimkumbuka mmoja, njoo kituo cha vijana utuambie jina lake, alikotoka na alichokuwa akipiga. Tutalisoma kwenye kipindi chetu, kwa utaratibu uleule wa matangazo ya vifo, hata kama miaka imepita.