Uchimbaji wa Madini wa Kilindini

Uchimbaji wa madini wa kilindini ni utoaji wa madini kutoka sakafu ya bahari kwenye kina cha zaidi ya mita 200. Maeneo yanayogombewa zaidi yako kati ya mita 1,000 na 6,000. Almasi zinazokusanywa baharini karibu na pwani ya Namibia hazihesabiwi humu, kwa kuwa zinapatikana kwenye maji ya kina kifupi. Kufikia mwaka 2025 hakuna kampuni wala serikali iliyokuwa imeanza uchimbaji wa kibiashara wa kilindini. Kilichotolewa ni sampuli na shehena za majaribio tu. Hata hivyo shughuli hii ambayo haijaanza tayari ina sheria, mamlaka, mikataba na ugomvi wa zaidi ya nusu karne.

Aina za madini

Yanayotafutwa zaidi ni vinundu vya metali, mawe meusi yenye ukubwa wa kiazi yaliyotapakaa juu ya tope la sakafu ya bahari. Kila kinundu hujijenga kuzunguka kiini kidogo, mara nyingi jino la papa au kipande cha mwamba, na hukua kwa milimita chache tu katika miaka milioni moja. Karibu asilimia 30 ya uzito wake ni manganisi. Nikeli na shaba ni zaidi kidogo ya asilimia 1 kila moja, na kobalti ni takriban asilimia 0.2. Hazina kubwa inayojulikana iko katika ukanda wa Clarion-Clipperton wa Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico. Ukanda huo una takriban kilomita za mraba milioni 4.5, karibu mara tano ya Tanzania, na unakadiriwa kuwa na tani bilioni 21 za vinundu.

Aina ya pili ni salfaidi zinazojengeka kwenye chemchemi za maji moto za chini ya bahari, zenye shaba, zinki, dhahabu na fedha. Aina ya tatu ni magamba yenye kobalti yaliyoganda juu ya milima ya baharini.

Historia na sheria

Vinundu vya kilindini viliopolewa kwa mara ya kwanza na meli ya utafiti ya Uingereza HMS Challenger mwaka 1873, vikawekwa makumbusho na kusahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1965 mhandisi Mmarekani John Mero alichapisha kitabu kilichodai kwamba sakafu ya bahari ingeweza kuilisha dunia metali karibu bila kikomo. Makadirio yake yalikuwa ya ukarimu mno, lakini yalisomwa na watu waliohusika.

Mmoja wa waliolichukua jambo hilo kwa uzito alikuwa Arvid Pardo, balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 1 Novemba 1967 alihutubia kwa saa kadhaa akitaka sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi itangazwe kuwa urithi wa pamoja wa binadamu, isije ikagawanywa na mataifa machache yenye teknolojia. Baraza Kuu liliikubali kanuni hiyo mwaka 1970. Nchi za Afrika, nyingi zikiwa zimetoka tu kupata uhuru, ziliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nafasi ya nadra ya kuandika sheria ya mali kabla mali yenyewe haijachukuliwa.

Mchango wa Afrika Mashariki katika majadiliano ya sheria hiyo ni mkubwa kuliko unavyotajwa kwa kawaida. Mwanasheria Frank Njenga wa Kenya ndiye aliyewasilisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, ambalo leo huipa kila nchi ya pwani haki juu ya maili 200 za baharini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Tume iliyoundwa kuandaa chombo cha kusimamia madini ya kilindini ilianza kazi chini ya uenyekiti wa Joseph Warioba wa Tanzania. Zaire, Zambia na Zimbabwe, wachimbaji wa shaba, kobalti na nikeli wa nchi kavu, zilihofia kwamba madini ya bahari yangeangusha bei, na zilipigania ukomo wa uzalishaji.

Marekani chini ya Rais Ronald Reagan ilikataa kusaini kwa sababu ya sehemu inayohusu madini. Makubaliano ya mwaka 1994 yaliilegeza sehemu hiyo: ukomo wa uzalishaji ukaondolewa, na sharti la kuzikabidhi nchi maskini teknolojia likafutwa. Marekani haijajiunga hata baada ya kulegezewa. Mkataba ulianza kutumika Novemba mwaka huohuo, na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari ikafunguliwa Kingston, Jamaika.

Kisa kimoja cha miaka ya 1970 kinastahili kutajwa. Mwaka 1974 meli Hughes Glomar Explorer ilitangazwa kuwa inakwenda Pasifiki kukusanya vinundu. Kumbe ilikuwa kazi ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kuinua nyambizi ya Kisovieti K-129 iliyozama mwaka 1968. Wakusanyaji wa kweli walikuja baadaye: mwaka 1978 muungano wa kampuni ulitoa takriban tani 800 za vinundu. Bei za metali ziliposhuka katika miaka ya 1980, hamu ikapoa.

Mbinu

Mashine inayotambaa hukusanya vinundu pamoja na tabaka la juu la tope, bomba huvipandisha hadi melini, na maji machafu hurudishwa baharini.

Mradi wa Solwara 1

Mradi uliokaribia zaidi uchimbaji halisi ulikuwa Solwara 1 katika Bahari ya Bismarck, Papua Guinea Mpya, kwenye kina cha mita 1,600 hivi. Kampuni ya Nautilus Minerals ya Kanada ilipewa leseni ya kuchimba salfaidi mwaka 2011. Serikali ilinunua asilimia 15 ya mradi kwa takriban dola milioni 120, fedha nyingi kwa nchi yenye uhaba wa zahanati na barabara. Wakazi wa pwani ya New Ireland, ambako baadhi ya wavuvi bado hurithishana ustadi wa kuita papa, waliupinga mradi tangu mwanzo. Mashine kubwa za kuchimbia zilitengenezwa, lakini meli ya kuzibeba haikukamilika, na mwaka 2019 kampuni ilifilisika. Waziri Mkuu James Marape alikiri hadharani kwamba mradi ulishindwa kabisa. Fedha za umma zilipotea bila tani moja ya madini kuuzwa.

Athari kwa mazingira

Ushahidi mzito unatokana na makovu ya zamani. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani walikokota plau juu ya kilomita za mraba 11 hivi za sakafu ya bahari katika bonde la Peru. Walioirudia sehemu hiyo mwaka 2015 walikuta mifereji bado inaonekana na shughuli za vijidudu katika tope zikiwa chini ya kawaida. Katika Clarion-Clipperton, njia za mashine iliyojaribiwa mwaka 1979 zilikaguliwa tena mwaka 2023. Baadhi ya wanyama wadogo walikuwa wameanza kurudi, lakini alama za mashine zilikuwa palepale. Kinundu chenyewe hakirudi kwa kipimo chochote cha maisha ya binadamu.

Vinundu ni makazi. Katika tambarare za tope laini ndivyo mahali pagumu pekee ambapo sifongo na matumbawe ya kilindini hupata pa kujishikiza. Pweza mmoja mweupe, aliyeelezwa na watafiti mwaka 2016, hutaga mayai juu ya mashina ya sifongo waliokufa waliojishika kwenye vinundu. Utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa Clarion-Clipperton ina zaidi ya spishi 5,000 za wanyama, takriban tisa kati ya kila kumi zikiwa hazijapewa jina la kisayansi. Katika Bahari ya Hindi, konokono mwenye magamba ya chuma anayeishi kwenye chemchemi za maji moto alikuwa, mwaka 2019, spishi ya kwanza kuorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji huu.

Wingu la tope linalotimuliwa huwafunika wanyama wanaochuja chakula majini, hata nje ya eneo linalochimbwa. Maji yanayorudishwa katikati ya bahari yanaweza kuwafikia jodari. Kelele za mitambo husafiri mbali. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Andrew Sweetman lilidai kuwa vinundu huzalisha oksijeni gizani. Wanasayansi wengine, pamoja na kampuni husika, wameyapinga matokeo hayo vikali.

Hoja ya betri na kobalti ya Kongo

Watetezi husema magari ya umeme yanahitaji nikeli na kobalti, na kwamba ni heri kuyatoa madini hayo mahali pasipo na msitu wala kijiji kuliko kufyeka misitu ya Indonesia au kuwaacha watoto wafanye kazi katika mashimo ya Kolwezi nchini Kongo. Hoja hii ina uzito, lakini inachukulia kwamba machimbo ya nchi kavu yatafungwa bahari ikichimbwa, jambo ambalo hakuna kampuni iliyoliahidi. Isitoshe, betri za chuma na fosfati, zisizo na nikeli wala kobalti, zinaenea haraka.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Februari 2025 ilisitisha kuuza nje madini hayo ili kunusuru bei iliyoporomoka, kisha mwezi Oktoba ikaweka mgao. Shehena mpya kutoka Pasifiki zingeingia katika soko hilohilo. Makubaliano ya 1994 yanataja mfuko wa kuzisaidia nchi zitakazoathirika.

Hali ya sasa

Mwaka 2021 Nauru, mdhamini wa kampuni tanzu ya The Metals Company ya Kanada, ilitumia kifungu kilichoipa Mamlaka miaka miwili kukamilisha kanuni za uchimbaji. Muda uliisha Julai 2023 bila kanuni. Katika jaribio la mwaka 2022 kampuni hiyo ilipandisha melini takriban tani 3,000 za vinundu. Aprili 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuharakisha vibali chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1980, na siku chache baadaye kampuni hiyo ikaomba kibali huko, kando ya Mamlaka. Zaidi ya nchi 30 zinataka uchimbaji usitishwe au upigwe marufuku. Norwei ilifungua sehemu ya bahari yake Januari 2024 na kuahirisha utoaji wa leseni kabla ya mwaka kwisha.

India, China, Ujerumani na Korea Kusini zina mikataba ya utafutaji katika Bahari ya Hindi. Hakuna nchi ya Afrika iliyodhamini mkataba popote.