Betri Tunazotupa Zingali Hai

 Leo nasema hasa na ninyi wa Kiwangwa, na jirani zenu wa njia ya Bagamoyo hadi Msata. Shikeni kalamu, maana kuna hesabu kidogo.

Swali ni hili: kwa nini chombo cha betri sita huzimika, hali betri zile zile ukizitia katika tochi zinawaka? Wengi huzitupa, na fedha ya mananasi inatupwa pamoja nazo.

Bagamoyo ilikuwa bandari mashuhuri ya misafara, lakini maji yake ya pwani ni haba. Majahazi yalifika mchangani; meli za moshi zilitia nanga mbali. Hiyo ni sababu mojawapo ya Wajerumani kuhamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, penye bandari ya kina. Meli haikuwa mbovu, wala bahari haikukauka. Maji ya chini ya mkuku ndiyo yaliyopungua.

Sasa tuje kwenye umeme. Matangazo ya redio yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, redio za valvu zisizo na umeme wa nyaya zilitumia betri kubwa, nyingi za volti 90. Betri ikichoka, sauti ilififia polepole na mwenyewe akajua. Vyombo vilivyokuja baadaye havina uvumilivu huo. Vingi vinataka volti 5 kamili. Kwa hiyo hutiwa regulata, kifaa kinachopokea volti nyingi, kikatoa 5, na ziada kikaigeuza joto.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Robert Widlar, Mmarekani, alibuni regulata ya LM109 yenye kutoa volti 5. Baadaye ikaenea 7805, ambayo fundi yeyote wa redio anaijua. Hizi hudai ziingiziwe karibu volti 7 ndipo zitoe 5. Zile volti 2 ndizo maji ya chini ya mkuku. Haya, hesabuni. Betri sita mpya za volti 1.5 hufanya volti 9. Kila moja ikishuka hadi 1.15, jumla ni 6.9, na regulata imekwama, ingawa betri bado zina nguvu.

Waliosukuma mabadiliko ni watu wa magari. Betri ya volti 12, injini inapowashwa penye baridi, huweza kushuka hata 6. Baadaye ikabuniwa regulata inayoridhika na ziada ndogo. Siri yake ni kubadili aina ya transista inayopitisha umeme. Mzigo ukiwa mdogo, ziada ya volti 0.4 yaweza kutosha. Basi betri zetu sita zitafanya kazi mpaka kila moja ifike 0.9. Lakini regulata nyingi za namna hii huchagua kapasita. Ukiweka yoyote uliyoiokota, volti zinazotoka hutetemeka, na fundi atalaumu kifaa kizima bure.

Basi chombo kikizimika, pimeni kikiwa kimewashwa na kinafanya kazi. Betri isiyo na mzigo hudanganya sana. Pimeni volti zinazoingia kwenye miguu ya regulata yenyewe, kisha zinazotoka. Kinachotoka kikiwa pungufu, na tofauti ikiwa ndogo kuliko ziada aliyoitaja mtengenezaji, regulata ni nzima. Hapo rudini kwenye betri: pimeni hapo pia. Betri ikionyesha 7.5 na regulata ikipata 6.6, volti 0.9 zimepotea njiani, katika waya mwembamba au kiungo chenye kutu. Lakini zikiingia volti 8 na zikatoka 4, ziada ipo tele; angalieni kama mzigo umezidi au regulata imechemka, na mkiona haviko hivyo, ndipo muibadilishe.